Swali la Msikilizaji wa Ghorofa ya Pili

Siku tamthilia ile ilipofika mwisho, saa kumi na moja jioni, watu kama hamsini walisimama nje ya duka la televisheni wakaziba njia yote. Mwenye duka alikuwa amewasha seti sita dirishani, zote kituo kimoja. Kioo kilikuwa kinene, sauti haikutoka, na hakuna aliyejali. Walikuwa wameifuata hadithi hiyo miezi mitano. Midomo ya waigizaji iliwatosha.

Kwenye seti zote sita, mke alipita stesheni akiburuta sanduku lake. Mume alisimama ng'ambo ya reli, uso umemwelekea, wala hakuinua mkono. Treni ikaja, ikaondoka na mke. Majina yakaanza kupanda.

"Sasa huyu mwanaume ni mjinga au amerogwa?" aliuliza mama mmoja mwenye kikapu. "Si alikuwa anamtafuta miezi yote hii?"

Mwanaume aliyesimama mbele yake aligeuka. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mrefu, shati la buluu limekunjwa mikono, buti za kazi miguuni na kamba nene begani. Kazi yake ilikuwa kupanda juu ya mapaa kufunga madishi ya televisheni. Lakini kila Jumamosi alasiri aliketi redioni dakika arobaini na kujibu maswali ya watu waliobaki na dukuduku baada ya filamu na tamthilia kwisha. Nani alikuwa baba wa mtoto? Kwa nini barua haikufunguliwa? Pacha aliyezama sehemu ya kumi na mbili alirudije sehemu ya arobaini? Mji mzima ulimwita Bwana Majibu, na jina lenyewe alilipenda kupita kiasi.

"Ni kiburi, mama," alisema kwa sauti yake ya redioni. "Sehemu ya thelathini aliapa hatambembeleza tena. Leo ametimiza kiapo."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Jibu lilikaa vizuri.

"Si kiburi," ilisema sauti nyuma yake. "Hakumwona."

Mwanamke aliyesema hivyo alikuwa amevaa koti jeupe la kazi, kitambaa cha rangi ya haradali kichwani, viatu vya chini. Vumbi jeupe lilikuwa limemkalia kwenye kope kama unga. Alikuwa anakula karanga, na hakuacha kula.

"Hakumwona vipi, dada? Anamtazama kabisa."

"Anatazama upande wake. Kuona ni kitu kingine. Sehemu ya tisa baba mkwe alimkanyagia miwani, unakumbuka? Ikavunjika. Toka siku hiyo amevaa nyingine?"

Bwana Majibu akazigeukia tena seti sita.

"Hajavaa," mwanamke alijijibu. "Na lenzi zake zilikuwa na ukingo mnene hivi. Huyo ni mtu asiyeona mbali. Mita kumi tu, mama yake mzazi hamtambui. Mkewe amepita pale kama kivuli. Kiburi gani?"

Mama wa kikapu alicheka mpaka akashika ukuta. "Bwana Majibu leo kapata mwalimu wake."

"Wewe ni nani?" Bwana Majibu aliuliza.

"Nasaga lenzi. Duka la miwani, ghorofa ya pili, jengo lile pale." Akamnyooshea mfuko. "Kula karanga. Umepoa ghafla."

Ndivyo walivyokutana. Jumamosi iliyofuata, swali la kwanza redioni lilikuwa hilohilo la stesheni, naye Bwana Majibu alitoa jibu la miwani kana kwamba alizaliwa nalo. Simu ziliingia mpaka mtangazaji akachoka kupokea. Alipotoka studio alikwenda moja kwa moja ghorofa ya pili.

"Umeniibia jibu," mwanamke alimwambia. Alikuwa ameinama kwenye mashine, maji yanarukaruka, lenzi inalia.

"Nimekuja kukiri wizi."

"Wezi hawaji na soda mbili."

"Hawa wa kisasa wanakuja."

Akazima mashine. Akacheka, na jino lake moja la mbele lilikuwa limepishana kidogo na mwenzake. Bwana Majibu aliliona jino hilo na tangu hapo hakuwa na amani.

Alimwita Fundi. Naye alimwita Majibu, bila bwana. Mchana walikula pamoja kwenye ngazi za nyuma za jengo. Jioni kila mmoja alirudi kwake, Majibu kwenye chumba na sebule alichopanga karibu na soko, Fundi kwa mama yake, ambako tangu dada yake mkubwa afariki mwaka uliopita walilelewa pia watoto wawili wa marehemu, wasichana. Tamthilia mpya ya usiku ilipoanza saa moja na nusu, simu ililia.

"Uko tayari, mpenzi?"

"Niko tayari, kipenzi. Usiongee sasa, wanaanza."

Wakaangalia, huyu kwake na yule kwake, simu sikioni, kimya, kila mmoja akisikia pumzi za mwenzake. Yalipoingia matangazo ndipo walipozungumza, haraka haraka, kama watu walioachiwa.

"Umeona pete? Imehama kidole."

"Pete gani?"

"Majibu, wewe unaangalia nini? Scene ya jana ilikuwa kidole cha kati."

"Naangalia nikisikiliza unavyotafuna."

"Nyamaza, wanarudi."

Miezi saba ilikwenda hivyo. Nusu ya majibu aliyoyatoa redioni yalitoka kwenye macho ya Fundi, na hakuna mtu aliyejua, wala Fundi hakudai. Alichotaka kilikuwa kitu kimoja: mwanaume huyu aseme wanakwenda wapi.

Siku moja kwenye ngazi alimuuliza. "Hivi mimi na wewe tumefika sehemu ya ngapi?"

"Sisi? Bado tuko kwenye matangazo, laazizi wangu."

Fundi alicheka, kwa sababu ilichekesha. Kisha akafuta vumbi la lenzi kwenye mkono wake, akaendelea kulifuta hata lilipokwisha.

Bwana Majibu hakuwa mwongo wa mapenzi. Alimpenda kweli. Lakini mtu anayeishi na hadithi za sehemu mia mbili huzoea kuamini kwamba muda upo, na kwamba la muhimu litasemwa mbele huko. Tena alikuwa mwoga. Kwenye mapaa hakuogopa urefu wowote. Kuulizwa na mama mtu "unamtaka mwanangu kwa lipi?" kulimtoa jasho akiwa amelala kitandani.

Na alikuwa na kasoro mbili za kazi. Ya kwanza, hakuwahi kusema redioni kwamba kuna kitu asichokijua. Alikuwa na madaftari kumi na moja yaliyojaa majina ya waigizaji na nani kazaa na nani, na swali lililokosekana humo alilijibu vilevile, kwa sauti ileile. "Msikilizaji hakupigia simu kusikia 'sijui'," alimwambia mtangazaji. Ya pili, alimwambia kila mtu, Fundi akiwemo, kwamba ujumbe wote unaoingia anausoma mwenyewe kabla ya kipindi, neno kwa neno. Haikuwa kweli. Aliyesoma alikuwa mtangazaji. Yeye alifika dakika tano kabla, na maswali aliyasikia hewani pamoja na wasikilizaji wote.

Mwezi wa nane shemeji alikuja.

Mume wa marehemu dada yake Fundi alifanya kazi nchi nyingine, kwenye kiwanda cha mabomba. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mikubwa, asiye na maneno mengi. Alikaa sebuleni kwa mama mkwe wake siku tatu kabla hajasema kilichomleta. Siku ya nne akasema mbele ya mama mtu, mikono juu ya magoti.

"Shemeji, sitakudanganya kwamba nimekuota. Watoto wangu wanakulilia ukienda kazini, nimewaona. Mimi nataka niende nao, na peke yangu siwezi. Ukikubali tuoane, nitakuheshimu. Ukikataa, nitakuheshimu vilevile. Ninaondoka mwisho wa mwezi."

Mama mtu alisubiri shemeji atoke nje. "Mwanangu, tayari wanakuita mama mdogo. Kilichobaki ni kuondoa huo udogo tu."

"Mama, kuna mtu."

"Yule wa redio?"

"Ndiyo."

"Amesema nini?"

Fundi akaanza kukunja nguo za watoto.

"Mimi ninakuuliza, yule mtu wa kusema sana, kwako amesema nini?"

Fundi angeweza kumpigia Majibu simu na kumwambia kuna mwanaume mwingine. Alifikiria. Mara mbili alianza, mara mbili Majibu akaligeuza kuwa mzaha. Na alikuwa na fahari yake: hakutaka mtu amwoe kwa sababu ameona mwenzake katoa bei, kama kabati kwenye mnada. Alitaka Majibu aulizwe pasipo kelele, atulie, ajibu. Na mahali pekee alipomjua Majibu kuwa anatulia na kujibu ni redioni.

Basi Alhamisi akaandika ujumbe kwa simu ya duka. Alibadilisha vitu vichache, si vingi.

"Kuna tamthilia niliiona nusu. Mshonaji mmoja alifiwa na rafiki yake. Mume wa marehemu ana watoto wawili wa kike, anafanya kazi nchi nyingine, na anataka amwoe mshonaji ili watoto wapate mama. Lakini mshonaji anampenda mwanaume wa hapa mjini. Kila jioni wanaangalia televisheni pamoja, kila mtu kwake, simu sikioni, na hawaongei mpaka yaingie matangazo. Mwanaume huyo hajawahi kusema neno. Akisema neno moja, mshonaji atabaki. Sehemu niliyoiona iliishia hapo. Je, alisema? Mimi msikilizaji wa ghorofa ya pili."

Aliusoma mara tatu. Akaona hata kipofu angeelewa. Akautuma.

Jumamosi, mashine ya lenzi ilizimwa saa tisa na nusu. Bosi wake, mzee wa miwani, alimwona amekaa mbele ya redio ndogo na mikono imelala mapajani, akaamua kwenda kunywa chai.

Studio, mtangazaji alikuwa na maswali ishirini na mbili na dakika arobaini. Ujumbe mrefu aliukata, ndiyo ilikuwa kazi yake. Alipofika kwa mshonaji alitupa jicho, akachukua kichwa na mkia.

"Haya, msikilizaji wetu mwingine. Anasema mshonaji anatakiwa na mume wa marehemu rafiki yake, mwenye watoto wawili, ahamie naye nchi nyingine. Na hapa mjini kuna mwanaume anayempenda, ila hajawahi kusema neno. Je, alisema? Bwana Majibu, hii unaikumbuka?"

Hakuikumbuka. Hakuwahi kuiona. Alipitisha akilini madaftari kumi na moja ndani ya sekunde mbili na hakukuta kitu.

"Naikumbuka sana hiyo," alisema.

Fundi alisogeza kiti karibu na redio.

"Wengi waliilalamikia. Hapana, hakusema. Na asingesema. Wasikilizaji wanakosea wanapodhani yule bwana wa mjini ndiye mpenzi wa hadithi. Yule mwandishi alimweka pale kujaza vipindi tu. Mwanaume anayependa husema sehemu ya tatu, ya nne. Huyu kafika sehemu ya hamsini anacheka cheka. Mshonaji alifunga mizigo, akaenda kwa mwenye watoto, na alifanya la maana. Yule wa mjini wala hakumfuata."

"Duh," alisema mtangazaji. "Umemmaliza kabisa."

"Ukweli unauma, bwana. Tuendelee."

Mzee wa miwani aliporudi na chai yake, alimkuta Fundi anasaga lenzi. Alikuwa ameivuka alama. Lenzi nzima ilikwisha kwenye jiwe la kusagia, vidole vikakaribia, na mzee ndiye aliyezima mashine.

Hata hivyo usiku huo Fundi hakukubali kwamba yamekwisha. Alijiambia labda kuna namna. Kesho yake, Jumapili saa nne asubuhi, Bwana Majibu alipiga mwenyewe. Alikuwa juu ya paa la mtu, upepo unavuma kwenye simu.

"Fundi wangu wa moyo. Jana sijakusikia. Ulisikiliza kipindi?"

"Nilisikiliza."

"Nilijibu vizuri?"

"Ulijibu. Lile la mshonaji."

"Ah, lile. Lilikufurahisha?"

"Majibu, nataka nikuulize kitu, usinitanie. Ujumbe ule uliusoma mwenyewe?"

Hapo ndipo kamba ilipokatika. Angesema kweli, kwamba hasomi, ingekuwa aibu ndogo ya nusu dakika. Lakini alikuwa ameshajisifu miezi saba.

"Nasoma wote mwenyewe, unajua hilo. Neno kwa neno."

"Na ulichojibu ndicho unachoamini?"

"Kabisa. Yule bwana wa mjini alikuwa wa kujazia tu. Mshonaji alikuwa anapoteza muda wake." Akacheka. "Mbona sauti yako imelala hivyo, mpenzi? Unaumwa?"

"Hapana. Umenisaidia."

"Kukusaidia nini?"

"Shuka kwenye paa salama," alisema, akakata.

Kabla ya chakula cha mchana alimwita shemeji nje, chini ya kamba ya nguo, akamwambia amekubali. Shemeji aliitikia kwa kichwa mara mbili. Akamuuliza, "Una hakika?" na akasubiri jibu kwa muda mrefu, akimtazama. Fundi akasema ana hakika. Jioni wakawaambia watoto. Mdogo, wa miaka mitano, akauliza kama mama huyu naye ataugua. Fundi akamwambia hataugua. Ni ahadi ambayo binadamu hana haki ya kuitoa, na aliitoa.

Wiki mbili zikapita. Bwana Majibu alipopiga saa moja na nusu, simu haikupokelewa, au ilipokelewa na sauti fupi. Mama anaumwa. Kazi nyingi. Niko na wageni. Mara moja alipita dukani akaambiwa Fundi ametoka, naye alikuwa nyuma ya pazia la karakana, ameshika fremu, hapumui. Majibu alidhani ni hasira za kawaida za wanawake, akapanga kumnunulia viatu. Ndivyo alivyowaza, na hakuna haja ya kumpamba.

Tatizo lilianzia kwa wasikilizaji. Jibu la mshonaji liliwaingia. Kila siku waliandika: ile tamthilia inaitwaje, inapatikana wapi, tunataka kuiona. Jumamosi ya pili walifika sitini.

"Bwana Majibu, nipe jina," mtangazaji alisema kabla hawajaingia hewani. "Watu wanatutukana."

"Nitatafuta."

"Si uliiona? Toa jina tu."

"Nimesahau jina. Nitolee ule ujumbe, labda ameandika mwigizaji."

Mtangazaji alirudi nyuma kwenye simu ya kituo, akapekua, akamkabidhi. Bwana Majibu alianza kusoma amesimama. Alipofika kwenye "simu sikioni" alikaa. Alipofika kwenye "ghorofa ya pili" alirudia tangu mwanzo, polepole, kidole kikifuata mistari kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Hapa katikati ulisoma?" aliuliza.

"Wapi?"

"Hapa. Simu sikioni. Hapa."

"Nilikata. Ulikuwa mrefu kaka. Vipi, umeona mwigizaji?"

Alikuwa ameshafika mlangoni. Mtangazaji akamwita, "Dakika nne tu tunaingia," na kipindi hicho alikiendesha peke yake, kwa muziki.

Duka la miwani lilikuwa limejaa. Jumamosi watu huja na watoto wao kupima. Aliwapita wote, akainua pazia la karakana. Fundi alikuwa na koti lake jeupe, kitambaa cheusi safari hii, na mbele yake trei tatu za lenzi zenye karatasi za vipimo. Pembeni kulikuwa na sanduku la vifaa vyake, limefungwa kwa kamba.

"Sikusoma," alisema Bwana Majibu. Alikuwa anahema. "Fundi, sikusoma ule ujumbe. Anasoma yule mwingine. Aliukata katikati. Mimi nilisikia mshonaji, nikajibu mshonaji. Naapa."

Fundi alimtazama. Akamtazama kwa jicho lake lile lililoona pete ikihama kidole, na akaona kwamba ni kweli.

"Uliniambia unasoma wote."

"Nilidanganya. Najisifu. Wewe unanijua najisifu."

"Na tamthilia yenyewe? Ulisema unaikumbuka sana."

"Hakuna tamthilia kama hiyo."

"Najua hakuna," alisema Fundi. "Niliitunga mimi. Ndiyo maana nilipokusikia unasema unaikumbuka, nikajua umenielewa. Mtu hawezi kukumbuka kitu ambacho hakipo, nikasema, huyu anazungumza na mimi. Nikakaa hapo, nikakusikiliza."

Bwana Majibu alipiga goti. Sakafu ilikuwa na maji ya mashine, na suruali ikalowa.

"Basi nakuomba sasa. Nilitakiwa kukuomba zamani. Nioe mimi... nikuoe mimi. Nakwenda kwa mama yako leo hii, na buti hizi. Nitampeleka mjomba. Watoto nitawalea, wote wawili, wakae hapa, baba yao awatembelee. Nakupenda, Fundi. Sina jibu jingine lolote."

Mwanamke akaweka chini lenzi aliyoishika. Machozi yalimshuka na vumbi la kope likageuka tope jeupe mashavuni. Alimshika kichwa kwa mikono miwili, akakiegemeza tumboni kwake, na wakakaa hivyo. Nje ya pazia mtu mmoja alikuwa anasoma herufi za ukutani kwa sauti, akikosea.

"Ilikuwa nzuri hiyo," alisema mwishowe. "Hata ulivyokosea mwanzo."

"Basi sema ndiyo."

"Nimeshawaambia watoto."

"Watoto watazoea."

"Majibu, inuka. Inuka unisikilize." Akainuka. "Mkubwa ameaga darasa lake juzi. Amegawa kalamu zake. Mdogo ameanza kuniita mama, bila mdogo, na kila akiniita ananiangalia kama nitaitika. Wale wameshazika mama mmoja. Siwezi kwenda kuwaambia na huyu wa pili ameghairi."

"Na mimi je?"

"Wewe ni mtu mzima."

"Unampenda huyo bwana?"

"Akiniuliza kitu ananyamaza mpaka nijibu. Kwa sasa ninacho hicho." Akajipangusa uso kwa mkono wa koti. "Unajua kinachonitesa si uongo wako. Uongo nimekusamehe, naona hata ulivyo mdogo. Ungekaa kimya sekunde moja tu pale redioni, ukasema ngoja niitafute hiyo, ningekuja mwenyewe mpaka studio. Nilikuwa nimeshavaa viatu."

Bwana Majibu akaitazama suruali yake iliyolowa.

"Mnaondoka lini?"

"Kesho asubuhi. Jumatatu tunaandikishwa huko huko. Leo namalizia hizi lenzi, watu wameshangoja sana." Akainama, akawasha mashine. Maji yakaruka. Lenzi ikateleza nje ya alama, akaizima mashine tena, akakaa akiitazama. "Nenda, laazizi. Ukisimama hapo nitamharibia mtu macho yake."

Pazia liliinuliwa na mama yake, akiwa na wasichana wawili waliovaa viatu vipya vinavyolia. Mama mtu alimwona Bwana Majibu, akamwona binti yake, akaelewa yote. Akamsalimia kwa adabu. Msichana mdogo alipita katikati yao, akashika koti jeupe.

"Mama, twende."

"Abee," Fundi aliitika. Akamtazama mwanaume mara moja, kisha akamgeukia mtoto. "Nakuja. Kaa hapo, usiguse jiwe."

Bwana Majibu alitoka. Alipita wateja, akashika ngazi kuu za jengo, zilizofurika watu wa Jumamosi wanaopanda na wanaoshuka, mifuko mikononi. Katikati ya ghorofa ya pili na ya kwanza alisema "samahani" kwa mtu aliyemkanyaga, na mwanamke mmoja mwenye mwavuli akasimama.

"Hiyo sauti. Wewe si Bwana Majibu?"

"Ndiye."

"Mbona leo hupo redioni? Nimesikiliza muziki tu mpaka nikaamua kutoka. Haya, bahati nzuri nimekupata. Yule mshonaji wako ameninyima usingizi. Huko alikokwenda na wale watoto, alipata furaha?"

"Alipata," alisema.

"Afadhali. Maana mimi nilishaanza kumlilia. Uliona mwenyewe mpaka mwisho?"

Alishika chuma cha ngazi.

"Hapana," alisema. "Sikuona."

"Sasa unajuaje?"

Watu walikuwa wamesimama nyuma yao, juu na chini, wanataka kupita. Mmoja akasema, jamani, njia. Mwanamke wa mwavuli bado alimtazama, akingoja. Bwana Majibu akajibana ukutani, akavuta miguu yake yenye buti, na watu wakaanza kupita, mmoja mmoja, wakimgusa bega.